Je, wajua kwa nini Waayalandi wengi hukwama wakitafuta mababu zao?

Mei 2011, Barack Obama aliingia kwenye baa moja ya Moneygall, kijiji kidogo cha kaunti ya Offaly nchini Ayalandi, akanywa Guinness huku wanakijiji wakimshangilia kama mtoto wao aliyerudi nyumbani. Sisi tumezoea kuuhesabu ukoo wake kupitia Kogelo. Lakini upande wa mama, vizazi vitano nyuma, yumo Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall aliyehamia Marekani mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka 19. Kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo ndiye aliyepekua madaftari ya zamani ya kanisa na kuwakuta akina Kearney humo.

Obama alikuwa na bahati. Watu wengi wenye asili ya Ayalandi, wawe Boston, Sydney au Dublin kwenyewe, hurudi nyuma vizuri tu hadi katikati ya karne ya 19, kisha njia inakatika. Waulize sababu, na karibu wote watakutajia moto wa 1922. Wako sahihi, ila si kwa yote.

Moto wenyewe ulikuwa hivi. Aprili 1922, wapiganaji wa Ayalandi waliopinga mkataba wa kujitawala uliotiwa saini na Uingereza waliliteka jengo la mahakama la Four Courts, kando ya mto Liffey mjini Dublin. Ndani ya eneo hilo ilikuwepo pia Ofisi ya Nyaraka za Umma, na wapiganaji wakaigeuza hifadhi yake kuwa ghala la baruti. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya lilianza kuwapiga kwa mizinga iliyoazimwa kwa Waingereza. Siku mbili baadaye ukatokea mlipuko mkubwa, na nyaraka za karne saba zikateketea. Vipande vya karatasi vilivyoungua vilipeperuka juu ya jiji, watu wakaviokota mitaani. Nani hasa wa kulaumiwa, waliotega au waliopiga, wanabishania mpaka leo.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba jengo lile lilijengwa kwa hadhari dhidi ya moto. Hifadhi ilitengwa na chumba cha kusomea ili moto ukizuka kwa wasomaji usivuke kufika kwenye nyaraka. Kinga ikafanya kazi barabara, ila kinyumenyume: chumba cha kusomea ndicho kilichonusurika.

Zilizoungua ni pamoja na sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, isipokuwa mabaki machache, wosia karibu zote za asili, na zaidi ya nusu ya madaftari yote ya Kanisa la Kianglikana, ambayo yalikuwa yamepelekwa pale yakatunzwe salama. Ukikumbuka kwamba sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8, na kwamba miaka michache baadaye njaa kuu iliua takriban milioni moja na kuwahamisha wengine zaidi ya milioni moja, utaona uzito wa hasara. Ile ndiyo iliyokuwa picha ya mwisho ya vijiji vile kabla havijafutika.

Sasa, sensa za 1861, 1871, 1881 na 1891 zilikwenda wapi? Hapa moto unasingiziwa. Mbili za kwanza ziliharibiwa kwa amri ya serikali baada ya takwimu kukusanywa, na mbili zilizofuata zilisagwa kuwa rojo la karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yaani kabla ya moto wa Four Courts, makarani walikwisha kuangamiza miaka 40 ya historia kwa utaratibu kamili wa ofisi. Kwa maoni yangu hao ndio wa kulaumiwa kwanza.

Zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, ambazo hazikuwa zimepelekwa kwenye ile hifadhi. Leo unazisoma bure mtandaoni, na si orodha iliyochapwa upya bali picha ya fomu yenyewe, na saini ya mkuu wa kaya chini yake. Ile ya 1911 ina safu za wanawake walioolewa: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, watoto walio hai sasa. Unakuta safu moja imeandikwa 10 na ya pembeni 6, basi. Hakuna maelezo mengine, wala hayahitajiki.

Kabla ya hapo, msaada hutoka mahali ambapo serikali haikupajali. Uandikishaji wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza 1864 tu. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kuandikishwa 1845. Wakatoliki, ambao ndio wengi, walikuwa wametoka katika enzi ya sheria za kuwakandamiza, na parokia nyingi za magharibi hazina madaftari ya kabla ya miaka ya 1820. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeyadai madaftari hayo kwa ajili ya hifadhi ya Dublin, yalibaki kwa mapadri, na hivyo yakapona. Maktaba ya Taifa iliyapiga picha, na tangu 2015 yako mtandaoni bila malipo. Jiandae tu kwa Kilatini na mwandiko wa padri mwenye haraka: James anaitwa Jacobus, William ni Gulielmus, na wino umefifia hapo hapo unapotaka kusoma.

Kodi nayo imeokoa majina mengi. Kati ya 1823 na 1837 wakulima waliorodheshwa kwa ajili ya zaka ya Kanisa la Kianglikana, wakiwemo Wakatoliki, ambao waliichukia mno. Kisha, kati ya 1847 na 1864, Richard Griffith alisimamia uthamini wa ardhi nchi nzima: nani anakaa wapi, mwenye ardhi ni nani, shamba lina ukubwa gani. Humo mna mkuu wa kaya tu. Mke na watoto hawamo.

Tatizo jingine halihusiani na karatasi zilizopotea. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na mtu akijua tu kwamba babu yake alitoka "kaunti ya Cork" hajajua kitu. Halafu kuna majina. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama, mtindo ambao Wakikuyu wanaufahamu vizuri sana. Mtafiti anayeujua hubahatisha jina la babu kwa kutazama wajukuu. Ila Patrick Murphy akiwa na wana watano, na kila mmoja akampa mwanawe wa kwanza jina la babu yake, kitongoji kinapata akina Patrick Murphy watano wa rika moja, wote wamebatizwa kanisa moja. Watafiti hapo huwatenganisha kwa majina ya mama na ya wasimamizi wa ubatizo.

Juhudi za kuziba pengo zipo. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto, Chuo cha Trinity cha Dublin na washirika wake walizindua hifadhi ya kidijitali inayokusanya nakala za nyaraka zilizoungua kutoka kwenye maktaba na hifadhi nyingine. Wanajua cha kutafuta kwa sababu ofisa wa ile hifadhi, Herbert Wood, alikuwa amechapisha mwongozo wa yaliyomo mwaka 1919, miaka mitatu tu kabla ya mlipuko. Lakini nakala hutafutwa pale ilipowahi kutengenezwa, na fomu za sensa za watu wa kawaida hazikuwa na nakala.

Isipokuwa chache, na hizo zilitokana na pensheni. Sheria ya 1908 iliwapa wazee wa miaka 70 na zaidi hadi shilingi 5 kwa wiki, malipo yakaanza Januari 1909. Wazee wa Ayalandi walikuwa wamezaliwa kabla ya uandikishaji, hivyo hawakuwa na cheti. Ili kuthibitisha umri, wengine walidai kukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa, dhoruba ya Januari 1839, na ukilinganisha sensa ya 1901 na ya 1911 unakuta watu waliozeeka miaka 15 ndani ya miaka 10. Njia rasmi ilikuwa kuomba karani wa Dublin atazame sensa ya 1841 au 1851: mzee anataja wazazi wake na kitongoji alichokulia, karani anatafuta, anaandika jibu kwenye fomu. Mara nyingi jibu lilikuwa "hakupatikana". Lakini pengine karani alinakili kaya nzima, baba, mama na watoto pamoja na umri wao. Fomu hizo zipo mpaka leo katika Hifadhi ya Taifa, na kwa familia kadhaa ndiyo mistari pekee ya sensa hizo iliyosalia.