B-26 Haikuwa na Laana: Dhana Potofu Kuhusu Ajali za Ndege za Mabomu za Injini Mbili

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikitajwa, wengi wetu tunaona ndege imetunguliwa, moshi mweusi unafuka nyuma yake. Hilo lilitokea, tena mara nyingi. Lakini maelfu ya vijana waliopangiwa ndege za mabomu za injini mbili hawakuwahi kukutana na adui hata siku moja. Walikufa wakiwa bado wanafunzi, au wakihamisha ndege kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, au wakirudi kutoka kazini usiku wa ukungu wasiuone uwanja. Vifo vya namna hiyo havina adui wa kunyooshewa kidole, kwa hiyo hadithi zikajaa mahali pa sababu. Nyingi ya hadithi hizo zinarudiwa mpaka leo, na naona ni kuwadhulumu marehemu tukiziacha zipite.

"Waliokufa walitunguliwa"

Kamandi ya mabomu ya jeshi la anga la Uingereza ilipoteza watu 55,573. Zaidi ya 8,000 kati yao walikufa kwa ajali, na zaidi ya 5,000 walifia mafunzoni. Huko mafunzoni ndiko ndege ya injini mbili ilikotumika zaidi, hasa Wellington. Shule zilipewa zile zilizokwisha kutumika vikosini, injini zake zimechoka. Walimu wengi walikuwa wametoka vitani karibuni, nao wamechoka. Wanafunzi walirushwa usiku, katika mvua na mawingu ya Uingereza, juu ya nchi iliyozima taa zake zote kwa kuogopa mabomu. Kilima ambacho mchana kila mtu anakijua kilikuwa mtego usiku.

Kwa upande wa Marekani, karibu watu 15,000 wa jeshi la anga walikufa kwa ajali ndani ya Marekani kwenyewe, ambako hapakuwa na mzinga hata mmoja wa adui.

Hata shambulio maarufu la Tokyo la tarehe 18 Aprili 1942 linaeleweka vibaya. Ndege 16 aina ya B-25 ziliruka kutoka Hornet, meli ya Marekani ya kubebea ndege, zikiongozwa na James Doolittle. Meli ilikuwa imeonwa na mashua ya doria ya Wajapani, ikabidi waondoke mapema, mbali kuliko walivyopanga. Hakuna hata moja iliyotunguliwa juu ya Japani. Zote ziliondoka Japani, kisha mafuta yakaanza kuwaishia. Kumi na tano zikaanguka au kutua kwa dharura China na kando ya pwani yake, na moja ikatua karibu na Vladivostok, ikazuiliwa na Wasovieti.

"B-26 Marauder ilikuwa jeneza linaloruka"

Hapa, kwenye ndege hii ya mabomu ya Marekani, ndipo uvumi ulipokolea kuliko mahali pengine popote. Katika kambi ya MacDill, karibu na Tampa, Florida, wanafunzi walikuwa na msemo kwamba kila siku moja huzama katika Ghuba ya Tampa. Wengine waliiita mtengeneza wajane. Msemo ulikuwa mtamu mdomoni, lakini haukuwa kweli. Kati ya Agosti 1942 na Oktoba 1943, muda wa miezi 14, ndege zilizoishia ndani ya ghuba hiyo ni 13. Nyingine zilianguka nchi kavu, na kila moja ilikuwa msiba. Lakini kati ya 13 na moja kila siku pana umbali mkubwa, na umbali huo ulijazwa na hofu.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Jeshi liliagiza zaidi ya ndege 1,000 za aina hii kutoka kiwanda cha Glenn L. Martin cha Maryland kabla hata moja haijaruka. Ya kwanza ilipaa tarehe 25 Novemba 1940. Mabawa yake yalikuwa mafupi kwa uzito wake, karibu mita 20 kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu kilichotakiwa ni kasi. Bawa fupi lenye mzigo mkubwa hudai mwendo: rubani alipaswa kuukaribia uwanja kwa takriban kilomita 240 kwa saa. Kijana aliyetoka kwenye ndege ndogo ya mafunzo aliona hiyo ni kasi ya kujiua, akapunguza. Akishapunguza, bawa linaacha kubeba, na ndege inadondoka.

Juu ya hayo kulikuwa na mambo mawili ya ufundi ambayo wasimuliaji wengi huyaruka. Kwanza, propela zake zilirekebisha pembe za makasia yake kwa umeme. Kwenye kambi zisizo na jenereta za kutosha, mafundi walitumia betri za ndege yenyewe wakati wa matengenezo. Betri ikishuka, propela ingeweza kulegea na kuzunguka ovyo wakati ndege inapaa, na nguvu ya injini ile ikapotea palepale. Pili, ndege za mwanzo zilitoka kiwandani bila vituo vya bunduki vya nyuma, kwa sababu vilikuwa havijawa tayari. Uzito ukaelemea mbele, na mguu wa gurudumu la mbele ukawa unavunjika. Watu wakasema chuma ni dhaifu, kumbe ndege ilikabidhiwa haijakamilika.

Mwaka 1942 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Harry Truman iliitazama ndege hii kwa jicho kali, na suala la kusitisha utengenezaji wake likawa mezani. Doolittle alipewa kazi ya kuichunguza. Yeye na mshauri wake wa ufundi, Vincent Burnett, hawakuridhika na makaratasi. Burnett alizunguka kwenye kambi za mafunzo akiirusha mbele ya wanafunzi, akizima injini moja na kufanya mizunguko ambayo wanafunzi waliambiwa itawaua. Mafunzo yakarekebishwa, mafundi wakaelekezwa namna ya kutunza umeme wa propela, na matoleo ya baadaye yakapewa mabawa marefu zaidi. Marubani wanawake wa Marekani, wale wa WASP, nao walifunzwa kuirusha na kuitumia kuvuta shabaha za mazoezi.

Pengine ushahidi mzito kuliko wote ni huu: katika takwimu za jeshi lenyewe, A-20, ndege nyingine ya injini mbili isiyo na sifa mbaya kama hiyo, ilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha ajali kwa saa za kuruka. Jina baya halifuati hesabu.

Vita vyake kutoka Uingereza navyo vilianza kwa maafa. Tarehe 17 Mei 1943 ndege 11 za kikosi cha 322 ziliondoka Uingereza kwenda Uholanzi, zikiruka chini kabisa bila ndege za kuzilinda. Moja ilirudi njiani kwa hitilafu. Kumi zilizobaki hazikurudi hata moja. Lawama zikairudia ndege, lakini kosa lilikuwa la mpango: kupita chini mahali palipojaa mizinga, siku tatu tu baada ya kupiga eneo lilelile. Baadaye zilihamishiwa mwinuko wa kati, takriban mita 3,000 hadi 4,500, zikiwa na ulinzi. Hasara zikashuka chini ya nusu ya asilimia moja kwa kila safari. Ndege kubwa za mabomu za injini nne zilizoshambulia Ujerumani, kwa wastani, hazikufikia unafuu huo. Moja ya Marauder hizo, Flak Bait, ilimaliza zaidi ya safari 200 za kivita, na sasa ni mali ya makumbusho ya Smithsonian.

"Injini mbili ni salama, moja ikifa nyingine inakurudisha nyumbani"

Angani juu, ukiwa na kasi ya kutosha, ndivyo. Wakati wa kupaa, sivyo kabisa. Injini ya kushoto ikizimika, ya kulia inaendelea kusukuma kwa nguvu zote na ndege inageuka kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Usukani wa mkia unaweza kuipinga nguvu hiyo iwapo tu upepo wa kutosha unapita juu yake. Chini ya kasi fulani usukani hauna la kufanya: ndege inapinduka kuelekea upande uliokufa na kugonga ardhi ikiwa chali. Rubani wa injini moja angebaki na ndege inayoshuka taratibu bila kupinduka, akitafuta shamba la kutua.

Kutokana na hapo ilizuka dhana ya pili, kwamba ukigeukia upande wa injini iliyozimika umekwisha. Burnett aligeukia upande huo makusudi, mbele ya watu, na akatua. Cha kuogopwa kilikuwa mwendo mdogo.

"Ndege ya mbao haiwezi kuhimili vita"

De Havilland Mosquito ilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na ilipoteza wachache kuliko ndege nyingine za mabomu za Uingereza, kwa sababu ilikuwa na kasi ya kumkimbia adui. Ni kweli kwamba mwaka 1944 baadhi zilivunjika angani huko India zikasimamishwa. Wengi walilaumu joto na unyevu. Uchunguzi ulikuta pia kasoro za uunganishaji kiwandani.

"Wajapani hawakujali maisha ya marubani wao, ndiyo maana Betty iliwaka kama kiberiti"

Mitsubishi G4M, ndege ya mabomu ya Japani ambayo adui zake waliiita Betty, haikuwa na matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa, na tarehe 20 Februari 1942, kati ya ndege 17 zilizokwenda bila ndege za kuzilinda kuishambulia meli ya Marekani ya Lexington, 15 zilipotea. Lakini wahandisi walikuwa wamependekeza injini nne ili ndege iweze kubeba mafuta mengi pamoja na kinga. Jeshi la majini lilikataa, likashikilia injini mbili na masafa yaleyale marefu. Uzito wa kinga ukawa ndio wa kuondolewa. Miezi miwili na siku chache kabla, ndege za aina hiyo na wenzake walizamisha meli za kivita za Uingereza, Prince of Wales na Repulse, kwa hasara ya ndege tatu tu, na ushindi huo ulificha udhaifu.

"Afrika haihusiki na habari hizi"

Marubani wa Blenheim, ndege ya mabomu ya Uingereza ya injini mbili, walifunzwa Kenya, huko Nakuru na Nanyuki, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, ambako hewa ni nyepesi, injini hupoteza nguvu na ndege hudai uwanja mrefu zaidi ili ipae. Nanyuki pana makaburi ya vita mpaka leo.

Na kuna mkasa wa Kufra, kusini-mashariki mwa Libya. Tarehe 4 Mei 1942 Blenheim tatu za kikosi cha 15 cha Afrika Kusini ziliondoka kwenye oasisi hiyo kwa safari ya kuizoea nchi, zikiwa na watu 12. Zikapotea. Moja ilipopata hitilafu ya injini, zote zikatua mchangani, salama. Walijaribu kuruka tena kuitafuta Kufra mpaka mafuta yakawaishia. Maji nayo yakaisha. Walijipulizia dawa ya kuzimia moto wapate ubaridi, ikawababua ngozi. Dhoruba za mchanga zikawazuia waliokuwa wakiwatafuta. Waliponasuliwa wiki moja baadaye, aliyekuwa hai ni mmoja tu.

Kuna wanaodhani walitunguliwa na Waitaliano. Hapakuwa na risasi yoyote. Watu hao walikuwa wageni wa jangwa, na waliwekwa juu yake kabla ya kufundishwa namna ya kusoma njia mahali ambapo hakuna mto, barabara wala mlima wa kuutegemea.