Mtoto yule wa utepe kichwani ni nani?

Kwa miaka mingi wamejitokeza wazee wakidai kwamba utotoni waliigiza katika “Our Gang”, vichekesho vifupi vya Marekani vilivyotengenezwa tangu 1922 hadi 1944, na watu wakawaamini. Mwaka 1990 televisheni ya ABC ilimhoji mwanamume aliyedai ndiye aliyeigiza Buckwheat, mmoja wa watoto wa vichekesho hivyo. Lakini aliyeijaza nafasi hiyo, Billie Thomas, alikuwa amefariki 1980. ABC ikaomba radhi.

Chanzo cha mkanganyiko ni filamu zenyewe. Watoto wengi wa pembeni hawakuandikwa majina, na Buckwheat wa mwanzo, 1934, alikuwa msichana, akiigizwa na mtoto wa kike. Thomas alipoichukua nafasi hiyo alivalishwa vilevile: vishungi vyenye tepe, sweta kubwa kupita mwili, mabuti yanayopwaya. Basi ukimtambua mtoto kwa nguo tu, utakosea. Simamisha picha, tazama masikio, pengo la meno na kimo chake akiwa kando ya wenzake, kisha linganisha na tarehe ya kuzaliwa. Thomas alizaliwa Machi 1931. Mtoto wa miaka mitano katika filamu ya 1932 hawezi kuwa yeye. Kumpa mgeni jina lake ni kumdhulumu marehemu.