Ofisi ya ustawi wa jamii haitishi watoto: tabia njema zinaanzia kwenye chenji ya duka

Wazazi na walezi habari zenu. Tunaelekea Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, na kama ilivyo kawaida kabla ya kilele tunatoa elimu kata kwa kata, mashuleni, kwenye mikutano ya mtaa na huku mtandaoni, na mimi nimeangukiwa na mada ya tabia njema za mtoto katika maisha ya kila siku. Ningeweza kuwaletea ile orodha mnayoijua, heshima, ukweli, usafi, bidii, upendo, mkasoma mkasema amina mkaendelea na mambo yenu. Sileti. Malalamiko tunayopokea saivi hayatoki kwa watu wasioijua orodha, yanatoka kwa wazazi wanaoijua yote alafu wanakuja ofisini wamemshika mtoto mkono wanasema "afisa naomba unitishie huyu kidogo tu".

Kabla sijaendelea, naandika kwa ujumla kama mtaalamu wa ustawi wa jamii, sio msemaji wa halmashauri, msemaji ni mkurugenzi. Na mwenye shauri lake binafsi aje ofisini, linasikilizwa kwa faragha na halina malipo.

Haya, hilo la kutishia. Ofisi yetu haitishi watoto. Polisi nao vilevile, lile Dawati la Jinsia na Watoto mnaloliona vituoni halikuwekwa ili mtoto aliyegoma kuoga apelekwe akaonyeshwe pingu. Limewekwa ili mtoto aliyefanyiwa ukatili apate pa kusemea bila kuogopa, sasa ukishamzoesha kwamba pale ndo wanapelekwa watoto wabaya, siku akiguswa vibaya na mtu atakwenda kusema wapi? Hili watu hawalifikirii kabisa.

Na kisheria, kwa hapa kwetu Tanzania Bara, nieleze taratibu kwasababu naulizwa mno. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa lolote la jinai, ni Kanuni ya Adhabu kifungu cha 15, na mwenye 10 ambaye hajafika 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda. Kwahiyo mtoto wa darasa la pili aliyechukua buku kwenye pochi ya shangazi yake hana kesi ya kufunguliwa popote, ana malezi ya kurekebishwa. Wengine wanakuja na ombi la "mpelekeni tu jela ya watoto akanyooke". Hamna kitu hicho. Kuna mahabusu za watoto, zile ni za mtoto ambaye shauri lake liko mahakamani, na kuna Shule ya Maadilisho Irambo kule Mbeya, ambako mtoto anapelekwa kwa amri ya mahakama baada ya kukutwa na hatia, sio kwa barua ya baba yake. Irambo sio bodingi ya watoto watukutu jamani, na hata ukija na mjumbe wa shina jibu ni hilohilo.

Turudi nyumbani sasa, maana huko ndiko kwenye kazi yenyewe.

Nichukue uongo, unaongoza kwa kulalamikiwa. Mfano huu nimeuchanganya kutoka mashauri tofauti ili asitambulike mtu. Mama analeta mtoto wa darasa la nne, shida yake "anadanganya mpaka usingizini". Tunaongea na mtoto peke yake kama utaratibu unavyotaka, na mtoto anasimulia vizuri tu. Watu wa marejesho wakija, wale wa mikopo ya kausha damu yenye riba kubwa, mama anaingia chumbani anamwambia "kawaambie nimeenda msibani Chalinze". Mtoto anatoka barazani anasema kwa sura kavu, mama kaenda msibani Chalinze. Wanamuuliza anarudi lini, anajiongeza mwenyewe, "labda ijumaa". Wakiondoka anasifiwa, we mtoto una akili wewe, anapewa mia mbili ya ubuyu. Wiki hiyohiyo anavunja chupa ya chai kwa mpira, anakwenda mwenyewe kusema mama nimevunja chupa, anachapwa na mwiko. Sasa mtoto wa miaka tisa akipiga hesabu hapo anapata jibu gani? Uongo umemlipa mia mbili na ukweli umemlipa mwiko. Huyo hana tatizo, hesabu yake iko sawa kabisa.

Simsemi mama vibaya, najua marejesho yanavyokaba. Ila deni lako litafutie njia ambayo mtoto hayumo, toka mwenyewe uongee nao. Na mtoto akija mwenyewe kukiri kosa, chupa imeshavunjika haiungwi tena, mwambie umefanya vizuri kusema, wewe okota vioo yeye ashike kizoleo, alafu mkitulia ndo muongee kuhusu kuchezea mpira ndani. Adhabu ndogo anaweza kupata, kwa mfano jumapili hatoki kucheza, lakini aone wazi kwamba angeficha ingekuwa mbaya zaidi. Wazazi wengi wanafanya kinyume chake bila kujua, anayekiri anakula kichapo cha papo kwa papo na anayeficha anasahaulika.

Chenji nayo. Unamtuma dukani na buku tano, mchele na mafuta ya kupima, anarudi na chenji, unaipokea unaitumbukiza kwenye pochi bila kuhesabu huku macho yako kwenye simu. Inakuwa hivyo mara nyingi mpaka anajua kwamba haihesabiwi, siku moja mia mbili inapungua, hakuna anayeuliza, basi imekuwa njia. Na huko njiani kuna madubwi, zile mashine za kamari zilizobanana pembeni ya maduka ya mtaani, zinasubiri hiyohiyo sarafu. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, sheria iko wazi, ila nikipita mitaani nawaona wenye yunifomu wamezizunguka na watu wazima wamekaa hapohapo wanapiga bao. Cha kufanya ni kidogo sana, hesabuni chenji pamoja kila mara, sio kwa kumshuku, kwa mazoea tu, atamke mwenyewe mchele ulikuwa kiasi gani, mafuta kiasi gani, imebaki ngapi. Muuzaji akikosea akazidisha, mrudishe mtoto akairudishe. Hapo ndo panakuwa pagumu, na sio kwa mtoto, ni kwa mzazi, maana wengi wetu tukizidishiwa tunasema Mungu kaleta riziki.

Kwenye heshima nitaongea kwa ukali kidogo mnisamehe. Watu wakisema mtoto fulani ana heshima mara nyingi wanamaanisha anaamkia na hajibu. Kuamkia ni kuzuri, na shikamoo ya mtoto iitikiwe, kuna watu wazima wanaamkiwa wanapita kimya utadhani hawajasikia, kesho wanalalamika watoto wa siku hizi hawana adabu. Lakini ukimkaririsha mtoto kwamba mkubwa habishiwi, mkubwa akikuita nenda, akikupa kitu pokea, umemwandaa kwa yeyote mwenye nia mbaya. Kwenye mashauri ya ukatili tunayoshughulikia mtuhumiwa mara nyingi sio jambazi wa usiku, ni mtu anayeamkiwa humo ndani kila asubuhi. Mtoto aamkie, apokee mzigo wa mgeni, ampishe bibi kiti kwenye daladala, na huyohuyo aweze kusema "anko mi sitaki" bila kuogopa kwamba ataambiwa ni mjeuri. Akikwambia hataki kwenda kwa fulani, muulize kwanini, taratibu, na usimuulize mbele ya huyo fulani.

Sasa ile hoja ninayoisikia kila mkutano, "haki za watoto ndo zimewaharibu watoto". Ninaomba anayesema hivyo aniambie ameisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ukurasa upi. Sheria hiyo ina kifungu cha 15 na kinahusu wajibu wa mtoto, sio haki, wajibu. Kinasema mtoto afanye kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia, awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wakati wote na kuwasaidia wanapohitaji, aitumikie jamii yake kwa nguvu na akili zake kulingana na umri na uwezo, aimarishe mshikamano wa jamii na taifa, na atunze mila nzuri za jamii yake. Wazee wetu wangesema nini zaidi ya hayo? Kwahiyo kuosha vyombo, kufua soksi zake, kufagia uwanja kabla ya shule, kumchotea jirani mgonjwa ndoo ya maji, hakuna sheria inayokataza na hakuna afisa atakayekuja kukukamata, tuache kutishana. Hata mtoto wa kiume aoshe vyombo, hilo naliongezea mimi.

Kinachokatazwa ni kingine. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi ambayo haimdhuru na haimzuii kusoma, na mtoto haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Unayemtuma binti wa miaka 11 azungushe karanga na mayai ya kuchemsha kwenye mabaa usiku alafu unasema unamfundisha kujitegemea, hapo hatuelewani.

Na adhabu. Kifungu cha 13 cha hiyohiyo Sheria ya Mtoto hakisemi usimrekebishe mtoto, kinasema marekebisho yasizidi kiasi kwa kuangalia umri wake na hali yake ya mwili na akili, na kwamba mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini, adhabu hiyo haina uhalali. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyemwaga uji haelewi kofi, anaelewa maumivu tu. Anayevunja masharti ya sehemu hiyo ya sheria, kifungu cha 14 kinampa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote viwili kwa pamoja, na hapo bado hatujagusa makosa ya Kanuni ya Adhabu kama ameumiza mwili. Kwa shuleni kuna kanuni zake za viboko, nazo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne kwa mara moja, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila mara iandikwe kwenye kitabu, jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa. Mzazi unaweza kuulizia hicho kitabu. Ukiuliza uliza kwa adabu, usiende kumkunja mwalimu shati mbele ya darasa kisha urudi nyumbani uhubiri heshima.

Na tusiwaachie walimu kila kitu, somo la Historia ya Tanzania na Maadili lipo kwenye mtaala ila lina vipindi vyake, kikiisha kengele inagonga watoto wanarudi kwenu.

Mwisho utaratibu wa kutoa taarifa, nao watu wanauchanganya sana. Ukijua mtoto anavunjiwa haki zake, au mzazi ana uwezo ila amegoma kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, shule au hata nafasi ya kucheza, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinataka utoe taarifa serikali ya mtaa au kijiji. Sio lazima uwe ndugu yake. Anza na mtendaji au afisa ustawi wa jamii, kata ambayo haina ustawi muone afisa maendeleo ya jamii. Afisa anaweza kumwita anayelalamikiwa, wanakaa, anasikilizwa, anatoa uamuzi unaozingatia maslahi ya mtoto. Akikaidi uamuzi huo shauri linapelekwa mahakamani, na mahakama inaweza kuweka mtoto chini ya uangalizi au kumtaka mzazi asaini ahadi ya kumtunza. Kama kuna kipigo cha kuumiza au ukatili wa kingono usipite huku kwetu kwanza, nenda polisi dawatini moja kwa moja, na usimwogeshe mtoto wala kufua nguo alizovaa kabla hajaonwa na daktari. Na msiyamalize kifamilia kwa fidia ya mbuzi na kreti za soda, hayo tumeyaona na hayaishi.

Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaruhusiwa kuipiga, kwahiyo mwandikie sehemu anayoiona, na ukimkuta siku moja anaongea nayo usimnyang'anye simu, mwache amalize.