Nani Anaruhusiwa Kumwongezea Diwani Muda? Kisa cha Trinidad na Tobago

Julai 2003 wananchi wa Trinidad walichagua madiwani wa kukaa miaka 3. Uchaguzi uliofuata ulifanyika Julai 2010. Katikati hapo Bunge lilikuwa likiahirisha mwaka baada ya mwaka, kwa maelezo kwamba mageuzi ya serikali za mitaa yako njiani. Waliopewa miaka 3 wakakaa 7.

Kwa asiyeijua nchi hiyo ya visiwa vya Karibi: halmashauri ziko 14, zote katika kisiwa cha Trinidad, kuanzia jiji la Port of Spain hadi maeneo ya mashambani kama Penal–Debe na Mayaro–Rio Claro. Tobago ina baraza lake lenye uchaguzi wake. Halmashauri zinazoa taka, zinazibua mitaro, zinatunza barabara za ndani, masoko na makaburi. Fedha zao nyingi hutoka serikali kuu, na hapo ndipo udhaifu wao ulipo: diwani anayelaumiwa kwa mtaro ulioziba mara nyingi anasubiri fungu kutoka wizarani.

Mwaka 2022 jambo la muda lilirudi kwa sura nyingine. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya mageuzi iliyorefusha muhula wa diwani kutoka miaka 3 hadi 4. Madiwani waliochaguliwa Desemba 2019 walikuwa wanakaribia kumaliza. Serikali ikaanza kutumia kifungu hicho Novemba na kusema kinawahusu na wao pia, hivyo uchaguzi usogee mwaka mmoja. Kwa maoni yangu njia hii ilikuwa na hatari kuliko ile ya zamani. Kuahirisha kwa mswada kunajadiliwa bungeni na kila mtu anasikia; hapa muhula ulirefuka kwa tangazo tu.

Mwananchi mmoja, Ravi Balgobin Maharaj, akaenda mahakamani. Akashindwa Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufaa, kisha akapeleka shauri Privy Council mjini London, ambayo bado ndiyo mahakama ya mwisho ya nchi hiyo. (Mahakama ya Haki ya Karibi ina makao yake Port of Spain, lakini rufaa za wenyeji wake haziishii huko!) Tarehe 18 Mei 2023 akashinda. Majaji walio wengi walisema wapigakura wa 2019 waliwapa madiwani miaka 3, na sheria mpya haikusema wazi kwamba inawaongezea waliokuwa tayari madarakani. Kifungu chenyewe hakikufutwa. Miaka 4 ikawa ya watakaochaguliwa baadaye.

Uchaguzi ukafanyika 14 Agosti 2023, kata 141. Vyama viwili vikubwa, PNM na UNC, vikagawana halmashauri saba kwa saba. Waliojitokeza hawakufika hata nusu ya walioandikishwa, na kwa chaguzi za mitaa za Trinidad hilo si jipya. Hata hivyo, katika kata ya Lengua/Indian Walk kura za wagombea zililingana, na mvutano ukabaki kwenye karatasi moja ya kura ambayo haikuwa na alama ya msimamizi wa kituo. Shauri likapanda mahakamani, na Juni 2024 wakazi wakapiga kura upya. Anayedhani kura yake moja haina uzito aulize huko.

Kuna viti vingine ambavyo mpigakura haoni majina yake kwenye karatasi. Wanaovikalia huitwa aldermen. Vyama hugawana nafasi zao kwa uwiano wa kura vilizopata katika halmashauri nzima. Msomaji wa Tanzania atakumbuka viti maalumu, ila hivi havikutengwa kwa wanawake.

Mwisho ni suala la nani anapiga kura, na hapa sheria yao ina ukarimu usio wa kawaida. Si lazima uwe raia. Mkazi halali mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Madola anaweza kuandikishwa, akitimiza masharti ya ukaazi. Kwa hiyo Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda aishiye Chaguanas anaweza kumchagua diwani wake. Mkongo au Mrundi, ambao nchi zao hazimo katika Jumuiya hiyo, wanaweza pia katika uchaguzi wa mitaa, baada ya kuishi nchini kihalali kwa miaka 5. Kazi ya uandikishaji iko chini ya Tume ya Uchaguzi na Mipaka.