Je, wajua wanasayansi hupataje idadi ya ndege wasiotulia hata dakika moja?

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosambaa dunia nzima: Marekani na Kanada zina ndege pungufu kwa takriban bilioni 2.9 ukilinganisha na mwaka 1970. Katika kila ndege 10 wa wakati ule, karibu 3 hawapo tena. Mtu yeyote mwenye mashaka kidogo atauliza: kwani nani aliwahesabu? Ndege haji kujiandikisha, na ukigeuka tu umemhesabu mara mbili.

Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyewahesabu wote. Kinachofanyika ni kuhesabu wachache kwa namna ileile, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Tangu 1966 Amerika Kaskazini ina sensa ya ndege wanaozaliana, na kazi yenyewe hufanywa zaidi na watu wa kujitolea. Mhesabuji huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, hufuata barabara kwa kilomita 39 hivi na kusimama mara 50. Kila kituo hukaa dakika 3, akiandika kila ndege anayemwona au kumsikia. Mwaka unaofuata anarudi njia ileile, vituo vilevile, msimu uleule.

Je, anawaona wote? Hata nusu pengine hafikishi. Lakini ikiwa kila mwaka anakosa sehemu ileile, kupanda na kushuka kwa hesabu yake bado kunasema kweli. Taabu huanza pale mhesabuji mwenyewe anapobadilika. Mgeni wa kazi huwakosa ndege wengi katika mwaka wake wa kwanza, na mzee aliyebobea huanza kupoteza zile sauti nyembamba za juu masikio yanapochoka. Ndiyo maana wanatakwimu husahihisha hesabu kulingana na nani aliyehesabu, jambo ambalo wasomaji wengi wa takwimu hizi hawalijui kabisa.

Wale aliowakosa nao wana njia yao ya kukadiriwa. Mtafiti anatembea kwa mstari ulionyooka na kuandika kila ndege alikuwa umbali gani kutoka kwenye mstari huo. Karibu yake huwaona takriban wote. Kadiri umbali unavyoongezeka, wanaoonekana hupungua. Kasi ya kupungua huko ndiyo inayomwambia ni wangapi walikuwapo bila yeye kuwaona.

Njia nyingine ni pete. Tuseme umenasa ndege 100 kwa nyavu nyembamba, ukawavisha pete zenye namba mguuni na kuwaachia. Baada ya muda unatega tena na kupata 80, na kati yao 20 wana pete. Wenye pete ni robo ya ulionasa; basi wale 100 wa mwanzo nao ni kama robo ya ndege wote wa eneo hilo, yaani wako 400 hivi. Hesabu ni nyepesi, masharti ndiyo magumu: pete zisidondoke, ndege wasihame, na aliyenaswa mara moja asiwe amejifunza kukwepa wavu. (Hujifunza, na upesi.)

Aliyeanzisha uvishaji pete wa kisayansi ni mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliyewavisha kwezi pete za alumini mwaka 1899. Lakini pete iliyosimulia mengi kuliko zote huenda ni ile ambayo Chandler Robbins, yuleyule aliyeanzisha sensa ya 1966, alimvisha albatrosi jike, ndege mkubwa wa baharini, katika kisiwa cha Midway kwenye Bahari ya Pasifiki mwaka 1956. Mwaka 2002 Robbins alimnasa ndege yuleyule tena, miaka 46 baadaye. Jina lake ni Wisdom, na mwishoni mwa 2024, akikadiriwa kuwa na miaka 74, alitaga yai jingine.

Umri huo una somo zito kwa wahesabuji. Albatrosi hutaga yai moja tu kwa msimu na huishi miongo mingi. Makinda yakifa miaka kumi mfululizo, wazazi bado watarudi kisiwani na hesabu itaonekana shwari. Upungufu utajitokeza baadaye sana. Kwa hiyo idadi peke yake haitoshi. Lazima ujue wangapi wanazaliwa na wangapi wanaokoka.

Siku hizi hata mitambo imeingia kazini. Rada za hali ya hewa, zilizojengwa kufuatilia mvua, huona pia makundi ya ndege wanaohama usiku. Utafiti ule wa 2019 ulitumia rada hizo na kukuta kwamba uzito wa jumla wa ndege wanaohama majira ya kuchipua nchini Marekani ulishuka kwa karibu asilimia 14 katika muongo mmoja kuanzia 2007. Na huko Antaktika, setilaiti hutafuta madoa ya kinyesi juu ya barafu nyeupe ili kujua makoloni ya pengwini emperor yalipo. Mwaka 2012 watafiti walitangaza pengwini 595,000 hivi, karibu mara mbili ya makadirio ya zamani. Pengwini hawakuwa wameongezeka. Walikuwa wameonekana tu.

Wakati mwingine sensa ya zamani huokoa hali bila kutarajiwa. Nchini India tumbusi walikuwa wengi mno, lakini kwa kuwa walihesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hesabu ya mwaka 2000 ilifichua kwamba zaidi ya asilimia 90 walikuwa wametoweka. Sensa haikusema sababu, na baadhi ya watafiti walishuku virusi. Jibu lilichapishwa mwaka 2004 baada ya mizoga ya tumbusi kupasuliwa: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliharibu figo za ndege waliokula mizoga ya ng'ombe hao. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo.

Katika hasara ile ya bilioni 2.9, wapo pia walioongezeka. Bata wa mwituni na bata bukini walipanda kwa asilimia 56. Bata huhesabiwa kwa eropleni karibu kila mwaka tangu 1955, na hesabu hiyo ndiyo hupanga wawindaji waruhusiwe kuua wangapi. Nchini Marekani, mwindaji wa bata hulazimika pia kununua stempu maalumu, iliyoanza 1934, na fedha zake hununua na kulinda ardhioevu. Ndege wa mbugani, waliopungua kwa zaidi ya nusu, hawana stempu yao.