Kwa nini picha nyeusi na nyeupe hugeuka kijani ukutani?

Katika sebule nyingi za Mtwara mjini, picha mbili huning'inia ukuta mmoja: ya babu, iliyosafishwa studio miaka ya 1960, na nakala yake iliyochapwa kwa printa hivi karibuni. Ya zamani bado ni nyeusi, pengine na umanjano kidogo pembezoni. Mpya imeshaingia ukijani, au imeanza kuwa nyekundu. Lawama humwangukia fundi kwamba ametia wino feki.

Wino feki upo, na jua linakula picha kweli. Lakini kuna jambo linalotangulia yote mawili: kwa kawaida nakala ile haikuchapwa kwa wino mweusi peke yake. Printa haiwezi kuzimua wino; inachoweza ni kutawanya matone. Matone meusi yakiachana kwenye sehemu ng'avu, tuseme shavu au kanzu, jicho huyaona kama vumbi. Ili kijivu kiwe laini, printa huchanganya siani (buluu ya kijani), majenta (wekundu wa zambarau) na njano. Zipo hata printa za ofisini zenye wino mweusi maalumu wa hati ambazo, ukichagua karatasi ya kung'aa, huuacha wino huo kando na kuunda weusi wote kwa rangi.

Kwa hiyo kijivu unachokiona ni mizani ya rangi tatu. Majenta ikitangulia kufifia, picha huegemea kijani. Siani ikitangulia, huegemea wekundu. Badiliko dogo kama hilo kwenye picha ya harusi hupotelea ndani ya vitenge. Kwenye kijivu halina pa kujificha.

Picha ya babu haina wino kabisa. Weusi wake ni chembe za madini ya fedha ndani ya utando wa jelatini, sawa na picha za wachimbaji wa mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913.

Sasa, wino upi unahimili? Wino wa kuyeyuka, ambao ndio uliomo kwenye printa nyingi za studio, una molekuli zilizoachana moja moja. Wino wa pigimenti una chembe ngumu, kila moja ikiwa na molekuli nyingi zilizoshikamana. Fikiria korosho zinazoanikwa. Ukizitandaza moja moja, kila korosho inapigwa jua, na ndiyo maana mkulima hutandaza. Ukizirundika, za juu huzikinga za chini. Mwanga, pamoja na gesi ya ozoni iliyomo hewani, huvunja molekuli za juu za chembe ya pigimenti, na za ndani hubaki na rangi yake. Za wino wa kuyeyuka hazina kinga hiyo. Tena pigimenti nyeusi hutengenezwa kwa kaboni, jamaa wa masizi, na kaboni karibu haijui kufifia. Mwaka 2005 kampuni ya printa ya Epson ilitoa wino wa pigimenti uitwao K3 wenye ngazi tatu za weusi, hivyo kijivu kikahitaji rangi kidogo sana. Huo kwangu ni ufumbuzi mzuri mno.

Wino wa kuyeyuka nao una sifa zake: kwenye karatasi ya kung'aa hutoa weusi mzito na uso laini, ilhali pigimenti hukaa juu, hukwaruzika, na ukiitazama upande huonyesha mng'ao wa shaba. Pigimenti pia ni ghali, na printa isipotumika huziba.

Miaka ya picha kudumu inayoandikwa kwenye boksi la wino isomwe kwa tahadhari. Baadhi ya vipimo hivyo hufanywa picha ikiwa nyuma ya kioo, kwa nyuzijoto 24 na unyevu wa asilimia 60. Pwani yetu, dirisha likiwa wazi, mambo ni mengine.

Picha ya pasipoti haihitaji pigimenti. Ya marehemu, ya kukaa ukutani, inastahili gharama hiyo. Ikibidi kutumia wino wa kuyeyuka, acha picha ikauke siku nzima, iweke nyuma ya kioo bila kugusana nacho, na uitundike ukuta usiopigwa jua.