Nta ya sikio si uchafu

Tumelelewa tukiambiwa kwamba sikio lenye nta ni sikio chafu. Ndiyo maana mtu akishaoga hutafuta kijiti cha pamba; akikikosa, huchukua njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, hata unyoya wa kuku. Lakini nta hiyo mwili huitengeneza makusudi, inase vumbi na kulainisha ngozi ya ndani, ambayo ni nyembamba na huchubuka upesi.

Tena hutoka yenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na nta hutengenezwa upande wa nje tu. Ngozi husogea polepole kuelekea nje ikiibeba, na unapotafuna, taya huisukuma. Ile ya njano unayoiona kwenye pamba ni kidogo. Nyingine umeishindilia hadi karibu na kiwambo, ule utando mwembamba wa ndani unaopokea sauti, ikakauka huko. Wapo wanaodhani wanakuwa viziwi, kumbe wamezibwa hivyo tu.

Futa nje kwa kitambaa, inatosha. Likiziba, matone machache ya mafuta ya zeituni huilainisha nta, ila usithubutu ikiwa sikio linauma, linatoa usaha au kiwambo kimewahi kutoboka. Na usikivu ukipotea ghafla, tafadhali nenda hospitali siku hiyo hiyo.